Kadi iliyobaki tupu: je, muumini anyimwe maziko ya Kanisa kwa ajili ya zaka?

Mleta hoja, Ngamiani, Tanga

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe kwa ndugu wa madhehebu mengine mtakaopenda kuchangia. Ninaleta swali ambalo mjini kwetu husemwa kwa sauti ya chini, barazani na misibani, nami naona ni heri lisemwe waziwazi: je, Kanisa lina haki ya kumnyima muumini aliyebatizwa ibada ya maziko kwa sababu hakutoa zaka wala hakuhudhuria jumuiya? Na kama lina haki hiyo, lile neno "neema" tunalolitamka kila Jumapili lina maana gani katika maisha yetu ya kila siku?

Kilichonisukuma ni msiba wa mtaani kwetu. Marehemu alikuwa fundi baiskeli, na katika mji kama Tanga, ambako baiskeli ni miguu ya pili ya watu, fundi hujulikana kuliko mwenyekiti wa mtaa. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, kazi ikasimama, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuonekana jumuiyani wala kanisani. Alipofariki, barua ya jumuiya ya kumtambulisha parokiani haikuandikwa. Familia iliambiwa kwamba kuna malimbikizo ya zaka na mchango wa ujenzi, na kwamba yakilipwa jambo litazungumzika. Fedha hizo hawakuwa nazo. Mazungumzo yalichukua siku nzima mwili ukiwa ndani, na mwishowe tukamzika alasiri kwa sala zilizoongozwa na mlei mmoja. Sitaitaja parokia, kwa maana nia yangu si kumshitaki mtu, na mambo ya namna hii nimeyasikia katika madhehebu zaidi ya moja.

Baada ya maziko mwanawe alinionyesha kadi ya zaka. Visanduku vya miezi vimejazwa kwa wino wa buluu mpaka Machi ya mwaka ule alioanguka, na kuanzia hapo ni vyeupe. Nilipoishika nikakumbuka kadi nyingine. Baba yangu aliletwa huku kutoka Songea kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, enzi zile SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944, ilipokuwa ikisomba vibarua kutoka pembe za mbali za nchi. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30, ambayo nyapara aliitia alama kila siku kibarua alipomaliza kiasi alichopangiwa cha kukata majani. Ukiugua, nafasi inabaki wazi. Ukikata nusu ya kiasi, nafasi inabaki wazi vilevile. Ujira ulitoka kipande kilipotimia. Baba alikihifadhi kipande chake cha mwisho ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na cheti cha ndoa, na hadi anakufa hakuniambia ni kwa nini.

Sasa ninaposoma Mathayo 20, juu ya yule mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri watu alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, kisha jioni akawalipa wote dinari moja, sihitaji kufafanuliwa. Mtoto wa manamba anajua nyapara angesema nini. Anajua pia kwamba walionung'unika hawakusema uongo: ni kweli waliistahimili taabu na hari ya mchana kutwa. Manung'uniko yao yana haki ndani yake, na ndiyo sababu mfano ule unauma. Hata hivyo mwenye shamba hakuyakubali. Kwa hiyo ninasema, na ninasubiri kukosolewa, kwamba Kanisa linalozika watu kwa kuangalia kadi limemrudisha nyapara mahali ambapo Kristo alimwondoa.

Mwenyekiti mstaafu wa jumuiya, Korogwe

Milele amina. Ndugu mleta hoja ameandika kwa uchungu, nami ninampa pole kwa msiba. Hata hivyo, nimeongoza jumuiya kwa miaka 14, na naomba upande wa wale wanaoitwa manyapara nao usikilizwe.

Kwanza, bati la kigango halinunuliwi kwa neema. Mafuta ya pikipiki ya padre anayezunguka vigango saba hayatoki mbinguni, wala posho ya katekista, ambayo kusema kweli ni ya aibu. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 222, inawawajibisha waamini kuyategemeza mahitaji ya Kanisa lao. Pili, wengi walioniletea tabu hawakuwa wagonjwa wala maskini. Walikuwa watu wazima wenye afya na duka, ambao kwa miaka kumi hawakutaka kusikia habari za jumuiya, wakatukejeli tukipita na rozari mikononi, kisha wakifiwa wanampigia padre simu kama anavyopigiwa mwenye kukodisha maturubali. Mtu wa namna hiyo hatumwiti kibarua wa saa kumi na moja. Yule wa saa kumi na moja alipoitwa alikwenda shambani, huyu aliitwa mchana kutwa akakataa. Mtume Paulo aliuliza katika Warumi 6 kama tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi, na akajibu mwenyewe: Hasha!

Tatu, barua ya jumuiya haikubuniwa iwe risiti. Ni ushuhuda kwamba huyu ni wetu, tunamfahamu, tumesali naye. Niandikeje kwamba ninamfahamu mtu nisiyemfahamu? Na kama mtu alilikataa Kanisa akiwa na akili zake timamu, je, si kumlazimisha tukimvika sala zetu wakati hawezi tena kusema hapana?

Mwisho, ninamrudishia ndugu yangu swali. Ameandika kwamba barua "haikuandikwa", na kwamba marehemu "hakuonekana". Nani hakuiandika? Hakuonekana na nani? Mtaa mzima ulikuwa wapi kwa miaka miwili?

Katekista, Muheza

Naomba nitenganishe yaliyoandikwa na yaliyozoeleka, kwa sababu katika jambo hili mazoea yamevaa joho la sheria.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, unataja makundi matatu ya kunyimwa maziko ya Kanisa: kwanza, walioikana imani waziwazi, wazushi na wafarakano; pili, waliochagua miili yao ichomwe moto kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo; na tatu, wadhambi wa waziwazi ambao kuwazika kwa ibada kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi, na penye mashaka huulizwa askofu wa mahali. Zaka haimo katika orodha hiyo. Mahudhurio ya jumuiya hayamo. Zaidi ya hayo, kanuni ya 1181, inayohusu matoleo wakati wa maziko, inaonya kusiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe maziko wanayostahili, na kanuni ya 848 inasema vivyo hivyo kuhusu sakramenti. Kwa hiyo Mzee wangu wa Korogwe amesema kweli juu ya kanuni ya 222, lakini wajibu ni jambo moja na adhabu ya kutoutimiza ni jambo jingine, na adhabu haitungwi na kikao cha jumuiya.

Hata hivyo, mleta hoja naye ana mahali pa kurekebishwa. Anazungumza kana kwamba padre asipofika kaburini neema nayo imekosa nauli. Tunamwombea marehemu na kuwafariji wafiwa, lakini Mungu hangoji barua yetu ili amrehemu mtu. Tena neema haimaanishi kwamba hatudaiwi kitu. Waefeso 2 inasema kwamba tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, na mstari unaofuata, ambao wengi hatuusomi, unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Matendo yapo. Swali ni kama yanatangulia au yanafuata.

Lililonisikitisha kuliko yote si la kaburini. Mtu aliyepooza kwa miaka miwili alistahili kuletewa Komunyo nyumbani na kupewa Mpako wa Wagonjwa. Mambo hayo hufanyika padre anapoarifiwa, na anayemwarifu kwa kawaida ni jumuiya. Je, aliarifiwa?

Mkazi wa Mabawa, Mwislamu

Asalaam alaikum, na hamjambo nyote. Nilikuwepo kwenye maziko hayo na nilishika koleo. Juu ya neema na kanuni zenu sina ujuzi, sitaingia. Ninachoweza kueleza ni kwamba kwetu kumzika maiti wa Kiislamu ni faradhi kifaya: wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine wamesalimika, na wote wakiiacha, wote wamepata dhambi. Kwa hiyo deni la kuzika liko juu ya walio hai. Marehemu anaweza kuwa na madeni yake ya fedha, nayo huulizwa ili warithi wayalipe, lakini hayaizuii jeneza mlangoni. Yule bwana alinizibia pancha tangu nilipokuwa mwanafunzi, na mara nyingi hakuchukua hela. Poleni sana.

Mwinjilisti, Lushoto

Bwana Yesu asifiwe. Wasomaji wa upande wetu wa Kilutheri wasije wakakaa pembeni wakitikisa vichwa. Sisi ambao historia yetu inaanzia mwaka 1517, kwa kupinga biashara ya vyeti vya rehema, na ambao Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linatufundisha katika kifungu cha 4 kwamba mtu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani, tunazo bahasha za sadaka zenye namba ya kila muumini. Nimewahi kuketi katika kikao cha wazee ambapo kabla ya kuuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani tuliuliza namba yake. Nilikuwamo, na sikusema neno. Tena kuhusu mafundisho hatuna hata kisingizio cha kutofautiana: tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki vilitia sahihi tamko la pamoja, vikikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu na si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho Mtakatifu hutuita na kututayarisha kwa matendo mema. Tumekubaliana juu ya neema kwenye karatasi, na juu ya bahasha tumekubaliana bila karatasi.

Nataka kuongeza jambo moja juu ya nidhamu ya Kanisa, maana hapo ndipo hoja ya Mzee wa Korogwe ina nguvu. Nidhamu ipo. Katika 1 Wakorintho 5 Paulo anaagiza mtu atengwe, na katika Mathayo 18 Bwana anaeleza hatua zake: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi wawili au watatu, kisha Kanisa. Lakini tazameni shabaha yake. Katika 2 Wakorintho 2 Paulo anaandika juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi, naye anawasihi wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Anayetengwa anatengwa ili arudi kundini. Sasa maiti atarudije kundini? Akikaa kimya, si kwa ukaidi. Nidhamu inayoanzia kaburini imeruka hatua zote za Mathayo 18 na kupoteza shabaha yake, kwa kuwa aliyelengwa hawezi tena kuifikia toba, na anayeipata adhabu ni mjane, ambaye pengine alitoa zaka yake mwenyewe kila mwezi.

Kwa sababu hiyo, yule mwenye duka wa Mzee wetu, aliyekejeli rozari kwa miaka kumi, mimi ningemfuata dukani kwake akiwa hai na kumwambia mambo magumu. Nisipomfuata akiwa hai, nimepoteza haki ya kumwambia akiwa amekufa.

Mama muuza samaki, Chumbageni

Nitasema machache maana mengi yamesemwa na wenye elimu. Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Saa hiyohiyo mashua zinashusha samaki pale Deep Sea, na ukichelewa unakuta wachuuzi wamekwisha kuchukua wazuri wote, nawe utakaanga nini? Mwaka mmoja mzima niliandikwa "hayupo" kila Jumamosi, nami nilikuwa nasali rozari yangu peke yangu nikikuna magamba. Siku niliyoomba kikao kiwe jioni niliambiwa ratiba ni ratiba.

Halafu nimeshuhudia kwa macho yangu kijana mmoja akishuka kwenye gari kutoka Dar es Salaam, akalipa malimbikizo ya baba yake ya miaka sita kwa mkupuo, mezani, na baba yule akapata Misa yenye mapadre watatu. Baba huyo alikuwa hajulikani jumuiyani sawasawa na fundi baiskeli. Mzee wangu wa Korogwe, shikamoo, nakuheshimu, lakini hapo ushuhuda wa "tunamfahamu, tumesali naye" ulitoka wapi? Nasoma katika Matendo 8 kwamba Simoni alipotoa fedha Petro alimkemea kwa kudhani karama ya Mungu yapatikana kwa mali. Na katika Kutoka 30, ile nusu shekeli ya upatanisho, tajiri aliambiwa asizidishe na maskini asipunguze. Mungu alijua tutakavyofanya.

Mimi kuna wakati nilikosa hata mtaji wa ndoo moja. Mwenzangu wa pale sokoni, ambaye nilikuwa nimemsengenya wiki hiyohiyo na alijua, alinipa ndoo yake akasema nitalipa nikiuza. Tangu siku hiyo mtu akinitajia neema ninaiona ndoo ile.

Mwenyekiti mstaafu wa jumuiya, Korogwe

Marahaba, mama. Umenishika pabaya, na sitajitetea kwa hilo la mapadre watatu. Tuliandika barua kama hizo, nami nimetia sahihi zaidi ya moja. Tukipokea malimbikizo ya mfu na kumtambua siku hiyohiyo, hatuwezi tena kusema kwamba barua si risiti. Hoja ya mwinjilisti juu ya Mathayo 18 pia ninaikubali, ingawa ninaona ni rahisi kuisema kuliko kuifanya. Nendeni mkamkemee mwenye duka mkaone.

Lakini bado hamjanijibu juu ya bati. Mkiondoa kadi, wenye uwezo ndio watakaokuwa wa kwanza kushangilia, na mzigo utabaki kwa mama huyu wa samaki na wenzake, ambao hutoa hata bila kudaiwa. Nimeyaona hayo. Na mleta hoja hajajibu swali langu.

Mleta hoja, Ngamiani, Tanga

Ninalijibu, maana nimelikwepa tangu mwanzo na Mzee amelitambua. Katibu wa jumuiya ile ni mimi. Daftari la mahudhurio liko nyumbani kwangu, na neno "hayupo" mbele ya jina la fundi limeandikwa kwa mkono wangu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kutoka kwangu hadi kwake ni nyumba nne. Nilijua anaumwa, kila mtu alijua. Nilikwenda mara mbili miezi ya mwanzo, kisha nikaacha, kwa sababu alikuwa akilia akijaribu kusema nami sikujua nifanye nini na kilio kile. Padre sikumwarifu. Alipofariki, mwenyekiti aliniuliza daftari linasemaje, nikamsomea. Barua haikuandikwa na mimi.

Kwa hiyo nilipoandika juu ya nyapara nilikuwa ninamwandika mtu ninayemfahamu vizuri. Na katika kurudia kuisoma Mathayo 20 baada ya michango yenu, nimeona kitu ambacho sikukiona hapo kwanza, kwa kuwa siku zote nilikodolea macho ile dinari. Mwenye shamba alitoka mara tano. Alikwenda yeye mwenyewe sokoni, akawakuta watu wamesimama, akawauliza mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi. Katekista ameuliza kama matendo yanatangulia au yanafuata. Katika mfano ule kinachotangulia ni miguu ya mwenye shamba. Nyapara wa baba yangu hakuwahi kumfuata mtu kambini isipokuwa kumwuliza kwa nini hakufika; alisubiri shambani na kalamu, kama nilivyosubiri mimi.

Juu ya bati, Mzee wangu, sina jibu linalotosha. Ninakubali kadi ibaki kwa walio hai na wenye uwezo, na wadaiwe bila kuonewa haya. Ninachoomba ni kwamba siku ya msiba kadi hiyo isifunguliwe. Na daftarini nimepiga mstari wa safu nyingine: mbele ya kila aliyeandikwa "hayupo" kuna nafasi ya jina la aliyekwenda kumwona wiki hiyo. Jumamosi iliyopita hawakuwapo tisa. Safu ya pili ilikuwa na majina mawili.

Mwenyekiti mstaafu wa jumuiya, Korogwe

Umesema kiume, mdogo wangu, na pole tena. Juu ya kadi bado hatujakubaliana sawasawa: mimi ninaogopa kwamba siku ya msiba ndiyo siku pekee ambayo yule mwenye duka husikia, nawe huniambii nitampata lini siku nyingine. Safu yako ya pili nitaipeleka kwa viongozi waliopo sasa, ila jiandae kusikia kwamba watu watajaza majina ya uongo; weka na tarehe.

Jambo moja linalowezekana wiki hii. Misa ya kumwombea marehemu inaweza kuadhimishwa hata baada ya maziko, na familia ya fundi hawajachelewa. Nenda kwa paroko pamoja na mjane. Barua iandike wewe.